Nani Mwenye Daftari? Uhakiki wa Istilahi za Kupashana Matukio katika Programu za Kiobjekti

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi zinazotumiwa kueleza namna objekti za programu zinavyopashana habari za matukio, hasa pale ambapo kila tukio limepewa aina yake na kila mpokeaji ametaja mapema aina anayoitaka. Ninadai kwamba jozi ya "mchapishaji" na "msajili", ambayo huwajia wafasiri wengi kwanza, inabeba mahusiano mawili yasiyofanana, na kwamba neno la pili katika jozi hiyo linahamisha wajibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Napendekeza jozi mbili badala ya moja, na naonyesha kuwa upatanisho wa kisarufi na viambishi vya njeo vya Kiswahili vina msaada wa moja kwa moja kwa anayebuni majina ya matukio.

Utangulizi

Miaka michache iliyopita niliombwa kupitia lugha ya waraka wa mahitaji ya mfumo wa kompyuta wa taasisi moja ya umma. Mfumo huo ulikusudiwa kupeleka taarifa za mizigo kwa mashirika kadhaa: lori likifika mpakani, mzigo ukikaguliwa, ushuru ukilipwa, kila shirika lililoomba kujulishwa lingejulishwa. Waraka ulikuwa umetafsiriwa kutoka Kiingereza, na kifungu kimoja kilisema kwamba "msajili atafuta usajili pindi shughuli zitakapositishwa." Mwanasheria aliyekuwepo aliielewa sentensi hiyo kama atakavyoielewa mtu yeyote anayemjua Msajili wa Hazina au Msajili wa Vyama vya Siasa: msajili ni mwenye daftari. Kwake yeye, taasisi inayomiliki mfumo ndiyo iliyopewa kazi ya kufuta. Mwandishi wa programu aliyeketi mkabala naye alilijua neno la Kiingereza lililokuwa nyuma ya tafsiri, akaielewa kinyume: msajili ni yule aliyejisajili, yaani shirika linalopokea taarifa. Alasiri nzima iliishia hapo.

Vikao vyetu vya istilahi hupenda kuuliza kama neno fulani limekubalika. Kipimo hicho hakitoshi. Neno "msajili" limekubalika tangu zamani sana, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu limekubalika kwa maana inayopingana na ile iliyohitajika. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: neno linampa nani kazi gani? Katika upangaji programu wa kiobjekti swali hilo lina jibu kamili, maana lazima objekti mojawapo iwe na orodha ya majina, na lazima mojawapo iwe na amri ya kulifuta jina.

Mtazamaji asiyetazama

Utaratibu tunaouzungumzia una umri mkubwa kuliko majina yake. Katika lugha ya Smalltalk, iliyoendelezwa katika maabara za Xerox PARC huko California, objekti iliweza kuwa na wategemezi. Objekti ilipobadilika, ilitoa ujumbe kwamba imebadilika, na kila mtegemezi alipelekewa ujumbe wa kujisasisha. Mwaka 1979 Mnorwe Trygve Reenskaug, akiwa mgeni katika maabara hizo, aliutumia mgawanyo wa aina hiyo kutenganisha modeli na sura zake kwenye skrini, ili modeli isilazimike kujua ni nani anayeionyesha na kwa umbo gani. Neno "mtegemezi" lilikuwa la kweli kwa namna yake. Mfanyakazi yeyote wa Afrika Mashariki anajua maana ya kuwa na wategemezi: mshahara ukibadilika, wao huguswa bila kuulizwa.

Kisha, mwaka 1994, kilitoka kitabu cha ruwaza za usanifu cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides, kitabu ambacho hadi leo ni vigumu kufundisha somo hili bila kukitaja. Waandishi hao waliuita utaratibu huo kwa jina la Observer, wakaongeza kuwa unajulikana pia kama Dependents na kama Publish-Subscribe. Kwa hiyo katika ukurasa mmoja tulipewa sitiari tatu: ya anayetazama, ya familia, na ya gazeti. Wafasiri wamezichukua zote, kila mmoja kwa wakati wake, bila kuuliza kama zinakubaliana.

Sitiari ya kwanza ndiyo dhaifu kuliko zote. "Mtazamaji" au "mwangalizi" katika Kiswahili cha leo ni mtu mwenye macho yake na safari yake. Waangalizi wa uchaguzi huenda vituoni, husimama pembeni, huona, kisha huandika ripoti. Hakuna kituo kinachowapigia simu kuwaeleza kilichotokea. Katika ruwaza hii mambo ni kinyume chake. Anayeitwa mtazamaji ameketi kimya, na anayetazamwa ndiye anayemwita. Kuchungulia kila dakika kuona kama kuna jipya ndiyo tabia ambayo ruwaza ilibuniwa kuiondoa. Mwanafunzi anayeanza na neno "mtazamaji" huandika programu inayochungulia, na sishangai: ametii neno alilopewa. Kosa hili si la Kiswahili; limo katika jina la asili. Lakini mfasiri halazimiki kurithi kosa.

Sitiari ya gazeti ina afadhali, ingawa inadhani kuwapo kwa msomaji anayelipia mwaka mzima na kuletewa nakala mlangoni. Kwa wasomaji wetu wengi gazeti ni la kununua kwa mchuuzi, leo ukipenda, kesho ukiacha. Uhusiano wa kudumu wa kujiandikisha haumo katika neno "mchapishaji", ambalo kwetu humaanisha kampuni inayotoa vitabu. Neno "mteja" nalo lingeweza kufikiriwa, maana kampuni za simu hulitumia kwa aliyejiandikisha kwenye mtandao wao. Lakini limekwisha kuchukuliwa na mifumo ya mteja na seva, na katika mazungumzo ya vijana wa Nairobi kuwa "mteja" ni kutopatikana kwenye simu. Neno linalomaanisha asiyepatikana haliwezi kumfaa yule ambaye kazi yake pekee ni kupatikana.

Ujumbe usio na ngeli

Uhakiki wa majina ungekuwa mchezo wa maneno tu kama majina hayangekuwa na matokeo katika programu zenyewe. Matokeo hayo yanaonekana waziwazi katika lugha ya Java.

Toleo la kwanza la Java, la mwaka 1996, lilikuja na klasi iliyoitwa Observable na kiolesura kilichoitwa Observer. Kiolesura hicho kilikuwa na metodi moja, update, iliyopokea vitu viwili: objekti iliyobadilika, na hoja ya aina Object. Aina hiyo ya mwisho ni mzizi wa aina zote. Kila objekti ya Java ni Object. Maana yake ni kwamba mpokeaji aliambiwa, "Kuna jambo, na jambo lenyewe ni kitu." Ni kitu gani? Alipaswa kukisia, kisha kukilazimisha kiwe cha aina aliyoikisia. Akikosea, kompaila haikumwonya, na programu ilianguka siku ya kazi, mbele ya mtumiaji.

Kwa mzungumzaji wa lugha ya Kibantu hali hii ina ugeni wake. Sisi kwa kawaida hatutamki kitenzi kikamilifu bila kuonyesha ngeli ya mtenda. "Limefika" tayari limeondoa mtu, mti na kitabu. Lori linaweza kuwamo, na gari pia. "Kimefika" kimekiondoa kile ambacho "limefika" ilikiacha. Msikilizaji wa Kiswahili, kama wa Kinyarwanda, Kirundi au Luganda, hupewa dalili ya aina kabla ya kupewa jina. Hoja ya aina Object ni kama kitenzi kilichonyang'anywa kiambishi cha nafsi: "-mefika". Sarufi yetu ingelikataa neno hilo palepale, kama vile kompaila yenye ukaguzi wa aina inavyokataa.

Java 1.1, iliyotoka mwaka 1997, ilileta njia nyingine kwa ajili ya vitufe, kipanya na madirisha. Kila jamii ya matukio ilipewa klasi yake na kiolesura chake cha msikilizaji. Aliyetaka habari za kubonyezwa kwa kitufe alitekeleza kiolesura cha habari hizo, na kitufe hakikukubali kumwandikisha mwingine. Hapa neno lilibadilika pia, kutoka anayetazama hadi anayesikiliza, na sidhani kama ni sadfa kwamba jina sahihi zaidi lilikuja pamoja na aina sahihi zaidi. Gharama yake ilikuwa wingi wa violesura. Yule Observable wa zamani aliendelea kubaki kwenye maktaba hadi Java 9, mwaka 2017, alipotangazwa rasmi kuwa amepitwa na wakati. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba mpangilio wa kuwaarifu wapokeaji haukubainishwa, na kwamba idadi ya taarifa haikulingana na idadi ya mabadiliko. Naongeza sababu yangu: ilikuwa klasi badala ya kiolesura, na kwa kuwa Java huruhusu mzazi mmoja tu, objekti iliyokwisha kuwa na mzazi haikuweza kutoa taarifa kwa njia hiyo.

Java 9 hiyohiyo ilileta Flow, ambamo mtoaji na mpokeaji hutajwa pamoja na aina ya kile wanachopashana. Mtoaji wa matukio ya malori hamkubali mpokeaji wa matukio ya meli. Lakini humkubali mpokeaji wa matukio ya vyombo vyote vya usafiri, kwa kuwa anayejua kupokea habari za chombo chochote hawezi kushindwa na habari ya lori. Kanuni hiyo huwachanganya wanafunzi, maana mwelekeo wake ni kinyume na wanavyotarajia: kwa mtoaji aina huteremka kuelekea kwa mahususi, kwa mpokeaji hupanda kuelekea kwa jumla. Mfano wa mnada husaidia. Dalali anayeuza ng'ombe anaweza kuuza kwa mnunuzi wa mifugo yoyote; asimpeleke ng'ombe wake kwa anayenunua kuku tu.

Lazima nitie kikomo katika ulinganisho wangu mwenyewe. Ngeli si aina kwa ukamilifu. Aina hubuniwa na mwandishi wa programu na hupangwa kwa ukoo. Ngeli tunazikuta na hazina ukoo wa namna hiyo. Tena, Kiswahili huruhusu maana kushinda umbo: tunasema "kiboko amelala", si "kimelala", kwa kuwa uhai wa mnyama umeshinda kiambishi chake. Katika mazungumzo ya kila siku ya Nairobi "kitabu imeanguka" husikika na kueleweka bila shida, kama vile lugha za programu zisizokagua aina mapema zinavyofanya kazi kubwa kila siku. Na upatanisho hauhakikishi ukweli. "Lori limefika" inaweza kuwa sentensi safi kabisa ilhali lori liko njiani. Mwaka 2010 Maier, Rompf na Odersky waliandika makala yenye pendekezo la kuiacha ruwaza hii kabisa, wakionyesha matatizo ambayo aina peke yake haziyatibu: hali ya programu kutawanyika, wajibu kuchanganyika, rasilimali kutoachiliwa. Anayewaambia washauri wa sera kwamba aina zitamaliza kazi anawadanganya.

Limefika au lilifika?

Kuna jambo moja ambalo fasihi ya Kiingereza haikulazimika kulifikiria sana na ambalo Kiswahili hakiruhusu kulikwepa. Ni desturi nzuri kulipa tukio jina la jambo lililokwisha kutendeka. Kwa Kiswahili jina hilo huwa sentensi nzima: LoriLimefika, MzigoUmekaguliwa, UshuruUmelipwa. Kiambishi cha upatanisho kimo ndani ya jina, na anayekosea ngeli huonekana kabla kompaila haijaitwa. Lakini je, tutumie -me- au -li-?

Tofauti yake inajulikana kwa kila mwalimu wa sarufi. Kiambishi -me- hubeba tendo pamoja na hali iliyobaki baada yake: lori limefika, na liko hapa. Kiambishi -li- hutaja tendo na kuliacha katika wakati wake. Sasa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu sura mbalimbali za mifumo hii, Eugster, Felber, Guerraoui na Kermarrec walitenganisha namna tatu za mtoaji na mpokeaji kutotegemeana: kwa mahali, kwa wakati, na kwa kutosubiriana. Namna ya pili ndiyo inayotuhusu. Pale ambapo taarifa hutolewa na kupokelewa papo hapo, LoriLimefika ni jina la haki. Pale ambapo taarifa hutunzwa na kusomwa na mpokeaji aliyekuwa amezima mitambo yake usiku, -me- inaweza kuwa uongo: lori lilifika Rusumo saa nne usiku, likaondoka alfajiri, na karani wa ghala huko Kigali anasoma asubuhi kwamba "limefika". Atalitafuta mpakani. Kwa matukio yanayohifadhiwa napendekeza -li- pamoja na muhuri wa saa. Kwa yanayopita, -me-. Ni kanuni ndogo, lakini ni ya kwetu, na sijaona mwongozo wa istilahi unaoitaja.

Redio, tarishi na daftari

Turudi kwa msajili. Nimesema kwamba jozi moja ya Kiingereza inabeba mahusiano mawili. Katika lile la kwanza, ambalo ndilo la kitabu cha 1994, objekti inayotoa habari inayo orodha ya wanaoarifiwa na humwita kila mmoja. Katika la pili, ambalo ni la mifumo iliyotawanyika kwenye mtandao, mtoaji hamjui mpokeaji hata kidogo. Kati yao yupo wa tatu anayepokea na kusambaza. Kuyapa yote mawili jina moja ni kuficha aliyeshika daftari.

Kwa uhusiano wa kwanza napendekeza mwarifu na mwarifiwa. Kiswahili kina mtindo wa kale na hai wa kuzitaja pande mbili za mkataba kwa mzizi mmoja: mwajiri na mwajiriwa, mdai na mdaiwa, mshtaki na mshtakiwa. Hakuna anayejifunza jozi hizo akachanganya nani ana deni. Kiambishi cha kutendwa kinatosha kuonyesha kwamba mwarifiwa huitwa, hachungulii. Kwa uhusiano wa pili, mtangazaji na msikilizaji wanafaa, maana mtangazaji wa redio hana orodha ya wanaomsikiliza. Wa tatu kati yao nimemwita tarishi. Wapo matarishi wanaosoma anwani juu ya bahasha tu, yaani mada. Wapo wanaofungua na kusoma yaliyomo kabla ya kuamua waipeleke kwa nani. Na wapo wanaotazama aina ya bahasha yenyewe, bila kusoma anwani wala kufungua. Hao wa mwisho ndio wa mifumo yenye kutegemea aina, ambayo Eugster ameitetea katika kazi zake, na faida yao ni kwamba kompaila inaweza kukagua mapema kile ambacho wengine hukigundua njiani.

Neno "msajili" lisitumiwe kwa mpokeaji mahali popote. Likihitajika, liwe la mwenye daftari: mwarifu katika uhusiano wa kwanza, tarishi katika wa pili.

Hili lina uzito kwa sababu ya kasoro moja inayofahamika sana kwa waandishi wa programu: mpokeaji aliyekwisha kazi yake lakini jina lake halikufutwa. Kwa kuwa mwarifu bado anamtaja katika orodha yake, kumbukumbu aliyoishika haiwezi kurudishwa. Katika madaftari ya watu, jina la marehemu hubaki ingawa mwenyewe amezikwa. Hapa daftari ndilo linalozuia maziko. Mfumo hujaa wafu wanaoendelea kupelekewa habari, na huzidi kuwa mzito siku hadi siku bila kosa lolote kuonekana kwenye msimbo wa sehemu moja. Flow ilishughulikia jambo hili kwa kukitaja kitu cha tatu, yaani usajili wenyewe, kuwa objekti inayojitegemea. Usajili huo hukabidhiwa mpokeaji, na ndani yake zimo amri mbili: kuomba idadi ya taarifa anazoziweza, na kufuta. Kwa hiyo amri ya kufuta iko mkononi mwake, na hakuna tena nafasi ya mwanasheria na mwandishi wa programu kubishana.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, idadi ya mipaka ambayo taarifa za mizigo hulazimika kuivuka iliongezeka, na pamoja nayo idadi ya nyaraka ambazo pande zake zinaweza kuzisoma kwa Kiswahili kabla ya kuzisoma kwa Kiingereza au Kifaransa. Vikao vya istilahi vya nchi zetu huandika, kwa kila neno, fasili na kisawe. Kwa istilahi za mahusiano kama hizi ningeomba iongezwe safu moja: nani ana daftari, na nani hufuta. Kile kifungu cha waraka, baada ya marekebisho, kilisomeka hivi: "Mwarifiwa atafuta usajili wake pindi atakapositisha shughuli, asipofanya hivyo katika muda uliokubaliwa, mwarifu atalifuta jina lake daftarini na kuiandika tarehe ya kulifuta."